Skii Moja Huku, Moja Kule

Skii mbili, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, zilikuwa zimesimama bega kwa bega kwenye kichanja, mbele ya kituo cha chini cha gari la waya linalopanda mlimani, na Inspekta Notburga Kranebitter hakupenda namna zilivyosimama. Aliinama kadiri goti lake bovu lilivyomruhusu, akazitazama pande zote bila kuzigusa.

Zilikuwa za Henrike Vossbrink, mwalimu mstaafu kutoka Münster, huko Ujerumani. Kila mwaka, wiki ya mwisho ya msimu, Henrike alikuja kijiji hiki cha milimani, Sankt Falben, peke yake kuteleza kwenye theluji. Jana asubuhi alipanda mlimani. Jana usiku kitanda chake hakikulaliwa. Leo kulipopambazuka mwenye nyumba ya wageni akawapigia polisi simu, na habari ilipoanza tu kuzunguka kijijini, skii zikaonekana hapa.

"Kesi imekwisha nusu," alisema mkuu wake, Grandits, huku akipuliza kahawa kwenye kikombe cha karatasi. "Skii ziko chini, kwa hiyo bibi yuko chini. Kashuka na gari la waya, kaacha skii, kaenda kunyoosha miguu kando ya mto, kateleza. Wazamiaji wameshaingia majini."

"Na viatu, bosi?"

"Viatu gani tena?"

Notburga, ambaye kijiji kizima kilimwita Burgl tangu anyonyeshwe, alimwongoza ndani hadi chumba cha makabati. Mtumishi wa kituo alikuwa ameshafungua kabati la Henrike. Lilikuwa na joto, lenye mabomba ya kukaushia buti. Ndani kulikuwa na viatu vya kawaida vya kutembelea, vikavu, soksi zimekunjwa vizuri mle ndani. Buti za skii hazikuwepo.

"Ufunguo wa kabati hili anao mfukoni," Burgl alisema. "Kabati lina joto, lina kufuli, liko hapo mlangoni. Yeye anaacha skii zake nje kwa wezi, anapita viatu vyake bila kuvibadilisha, anakwenda kutembea mtoni na buti za skii. Bosi, umewahi kutembea na buti za skii?"

"Mimi mtu wa tambarare, wa Burgenland. Kwetu mlima ni rundo la zabibu."

"Ni sawa na kutembea na ndoo mbili za zege miguuni. Hakuna anayefanya hivyo kwa raha."

Grandits alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ameshawaita wazamiaji, na mkubwa akishaita wazamiaji hapendi kuambiwa mto hauna mtu. "Wazee husahau," alisema. "Haya, zunguka unavyotaka. Lakini msimu ulikwisha jana, na leo saa kumi jioni gari la waya linafungwa. Na angalia kule." Alionyesha kwa kidole upande wa magharibi, ambako mawingu ya kijivu yalikuwa yamekalia vilele. "Wa hali ya hewa wanasema mchana theluji inaanguka."

Burgl hakuhitaji kuambiwa maana yake. Theluji mpya ingefunika kila alama iliyoachwa jana. Na kama Henrike alikuwa bado juu, akiwa hai, usiku wa pili ungemuua.

*

Mama Rosa Pfurtscheller, mwenye nyumba ya wageni, alimpokea jikoni. Alikuwa amekwisha kulia, sasa alikuwa katika hatua ya kukasirika.

"Mtoni!" alisema. "Nimesikia wanatafuta mtoni. Henrike mto anaufuata wa nini? Anaogopa hata bafu likijaa."

"Simu yake, mama?"

"Hiyo hapo dirishani. Mlimani haendi nayo. Anasema darasani ameitwa miaka arobaini, kule juu hataki kuitwa na mtu."

Burgl alivuta kiti akakaa. "Niambie kuhusu skii zake. Anaziwekaje?"

Mama Rosa alimtazama kama aliyeulizwa jogoo hutaga mayai mangapi. "Anaziwekaje? Mwanangu, njoo huku." Alimvuta hadi kwenye ukumbi wa kuingilia. "Moja anaiegemeza hapa mlangoni. Ya pili anakwenda kuiweka kule chini ya ngazi. Kila siku! Mimi nimeshajikwaa mara mbili, nusura nivunje nyonga. Nikamwambia, Henrike, humu ndani tuko wewe na mimi, nani atakuibia? Akacheka, siku ya pili yake hivyo hivyo."

"Waliwahi kumwibia."

"Mwaka ule wa kwanza alipokuja. Nje ya mkahawa, jozi mpya kabisa. Tangu hapo, skii moja huku, moja kule. Mwizi hana kazi na skii moja."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Burgl aliijua desturi hiyo tangu utotoni. Waliokuja wawili wawili waliachiana zamu ya kulinda. Aliyekuja peke yake alizitenganisha skii zake kabla ya kuingia kula, na akishazoea, mkono unafanya wenyewe. Henrike asingezisimamisha zile skii bega kwa bega kwenye kichanja cha barabarani. Aliyezisimamisha alikuwa mtu mwingine.

Aliporudi jikoni kumalizia kahawa, macho yake yaliangukia mtungi mdogo pale dirishani, karibu na ile simu. Ulikuwa mtungi wa jemu wa kioo, na ndani yake kulikuwa na kishada cha maua ya zambarau yaliyokauka, yenye manyoya laini kwenye shina.

"Hayo?"

Mama Rosa alisita. "Hayo… Hayo ni maua."

"Naona ni maua. Ni yale yaliyokatazwa kuchumwa."

"Mimi mbele ya polisi sisemi kitu."

"Leo macho yananisumbua, mama. Sema."

Mama Rosa alikaa. "Mwaka mume wangu alipofariki nilitaka kuifunga nyumba hii. Niliwaandikia wageni wote wasije. Henrike akaja vivyo hivyo. Siku yake ya mwisho akashuka mlimani na maua hayo ndani ya mtungi wa jemu, akaniwekea hapo, akasema, nyumba yenye maua haifungwi. Tangu hapo kila mwaka, siku ya mwisho, lazima aniletee. Jana ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho." Alishika mkono wa Burgl, akaubana. "Mimi nina rafiki mmoja hapa duniani, na huja wiki moja kwa mwaka. Nirudishie, mwanangu. Hata kama ni… Wewe nirudishie tu."

Burgl hakuahidi kitu. Alikunywa kahawa yake yote, kwa sababu kuiacha kungemvunja moyo Mama Rosa, kisha akaondoka haraka.

*

Ndani ya gari la waya alikutana na Kassian Gstrein, mkuu wa doria ya mlimani, akiwa na koti lake jekundu, redio ya mkononi begani na machela ya kukokota miguuni pake. Kazi ya doria, kila jioni baada ya kufungwa, ni kuteleza njia zote kuanzia kileleni, kutazama kama kuna mtu amebaki, kisha mkuu wao hutangaza kwenye redio maneno mawili: mlima mtupu. Baada ya hapo ndipo mitambo ya kutengeneza njia hutoka, na taa huzimwa.

"Unakwenda wapi na machela?" Burgl aliuliza.

"Kuyarudisha stoo. Msimu umekwisha." Kassian alitazama nje ya kioo. "Nasikia wanatafuta mtoni."

"Wanatafuta mtoni."

"Maji yako juu wiki hii. Theluji inayeyuka."

"Jana jioni ulifunga wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Njia zote?"

"Zote. Nikatangaza mlima mtupu, kila mtu alisikia. Halafu tukanywa bia ya kufunga msimu kwa mjomba Ferdl, kama kawaida." Alijikuna shingo. "Mtoni kuna ile sehemu ya daraja la mbao, pale pana utelezi. Wameangalia pale?"

"Sijui. Mbona mto unakupenda sana leo?"

Alicheka, lakini kicheko hicho hakikukaa. Burgl alikuwa amemfahamu tangu akiwa mtoto mwenye kamasi, na alijua Kassian ni mtu wa maneno machache. Leo maneno yalimtoka bila kuombwa.

Mkahawa wa Ferdl Jenewein ulikuwa kwenye bega la mlima, ukitazama njia kuu ya kuteleza kwa mbele. Kwa nyuma ulipakana na mteremko wa jua, ambao mwezi wa Aprili huwa nusu theluji nusu majani. Ferdl, mzee mwenye tumbo na masharubu, alikuwa anakunja miavuli ya barazani.

"Burgl! Umechelewa, supu imekwisha, bia imekwisha, na mimi nimekwisha."

"Bibi wa Münster, mzee. Jana alikula hapa?"

"Alikula Kaiserschmarrn, zile chapati tamu za mayai, na kahawa. Kila mwaka hicho hicho. Akanisifia, akasema pengine mwakani goti litamkataza."

"Halafu?"

"Halafu akaniomba mtungi mtupu wa jemu."

Burgl aliacha kutafuna mdalasini aliokuwa ameupata mfukoni. "Ulimpa?"

"Nilimpa, na maji kidogo ndani. Sikumuuliza wa nini. Mwanamke mtu mzima akitaka mtungi, mpe mtungi."

"Ulimwona akiondoka na skii?"

Ferdl alifikiri, mwavuli ukiwa mikononi. "Unajua, hapo unanionea. Baraza lilikuwa limejaa. Nilimwona akilipa, nikageuka, sikumwona tena. Nikajua kateremka. Kila mtu aliteremka! Jioni ilibaki doria tu na sisi wa jikoni, ndani, tukiimba kama wendawazimu." Alikunja mwavuli wa mwisho. "Mwaka mbaya huu. Baridi haitaki kuondoka. Kwa kawaida wiki kama hii marmoti wameshatoka mashimoni, wanakaa pale juu ya mawe kama pimbi, wanapigiana mluzi siku nzima. Mwaka huu hata mmoja hajatoa pua."

Kassian aliweka machela chini ghafla kuliko ilivyohitajika. Burgl alisikia kishindo, hakugeuka.

"Kassian, nisubiri hapa," alisema, akaanza kuzunguka mkahawa polepole, kichwa chini.

Aprili huko juu theluji ina tabia moja: mchana ni uji, usiku ni jiwe. Chochote kinachochomekwa mchana kikaondolewa mchana, usiku unaigandisha alama yake, na asubuhi unaikuta hapo kama kwenye saruji. Jua la leo lilikuwa limefichwa na mawingu, kwa hiyo jiwe lilikuwa bado jiwe.

Pembeni ya baraza, nyuma ya kibao cha bei, aliona tundu jembamba lililosimama wima kwenye theluji. Lilikuwa la skii moja. Hapakuwa na jingine kando yake. Alipiga picha, akaendelea. Nyuma ya mkahawa, ng'ambo ya rundo la kuni, aliona tundu la pili, jembamba vilevile, peke yake.

Alipiga magoti, goti likalalamika, akapitisha kidole kwenye kingo za tundu. Zilikuwa laini, zimeviringana. Kama mtu angeing'oa skii ile asubuhi hii, barafu ingemeguka na kuacha meno. Iling'olewa theluji ikiwa uji, yaani jana, kabla ya baridi ya usiku. Na jana jioni, kwa maneno ya Ferdl mwenyewe, wageni walikuwa wameshateremka wote, ikabaki doria tu na watu wa jikoni.

Kando ya tundu kulikuwa na nyayo za aina mbili. Za kwanza zilikuwa za buti za skii, bapa mbele na nyuma, za mtu mwepesi. Zilitoka kwenye tundu zikaelekea mteremko wa jua. Burgl alizifuata kwa macho mpaka theluji ilipokoma na majani ya kahawia kuanza. Zilikwenda tu. Hazikurudi.

Nyayo za pili zilikuwa kubwa, zenye meno ya chuma kwenye soli. Zilikuja hadi kwenye tundu, zikasimama, zikageuka nusu kuelekea mteremko wa jua, visigino vikiwa vimezama zaidi. Mtu huyo alikuwa amesimama hapo kwa muda. Kisha nyayo zilirudi mkahawani.

"Kassian," Burgl aliita. "Njoo. Na uinue mguu nione soli yako."

Alikuja. Mguu hakuuinua. Alitazama nyayo, kisha akamtazama Burgl.

"Henrike kaja na mtungi kuchuma maua kule kwenye majani," Burgl alisema taratibu. "Skii moja kaiacha mbele, moja nyuma, kama kawaida yake, akijua atarudi. Jioni ukapita wewe ukazikuta. Ndivyo?"

Kassian aliitikia kwa kichwa.

"Wewe ni mtoto wa mlima. Skii moja huku, moja kule. Hukujua maana yake?"

"Nilijua."

"Sema kwa sauti, mjomba wako asikie."

Ferdl alikuwa amekuja hadi pembeni ya kuni, kitambaa cha jikoni begani.

"Nilijua," Kassian alisema. "Nilijua ni za mtu aliyekuja peke yake na hajarudi kuzichukua. Lakini wenzangu walikuwa wanaimba ndani, wananiita. Nikajiambia, ni mlevi fulani, kashuka na gari la waya kasahau. Aprili hutokea. Nikazing'oa, nikazifungia kibanda cha doria. Nikatangaza."

"Ukatangaza mlima mtupu."

"Ndiyo."

"Jamani, Kassian," alisema Ferdl.

"Asubuhi niliposikia Mama Rosa anamtafuta mgeni wake, nikajua ni za nani. Nikateremsha skii kabla watu hawajajaa, nikaziweka kichanjani. Nilifikiri, wakitafuta chini kwa muda, mimi nitapanda peke yangu, nimpate, nimlete. Hakuna atakayejua. Ndiyo maana nina machela." Alipangusa uso kwa glavu. "Nilikuwa nakwenda, Burgl. Naapa. Ukanikuta garini."

"Na nikikuuliza njia, unanionyesha daraja la mbao."

Alilia, kimya, kama watu wazima wasiozoea. Burgl alimwacha kidogo tu. Mbele yao chembe za kwanza za theluji zilikuwa zimeanza kushuka, kubwa, bila haraka.

"Swali moja, kisha tunakwenda. Ulisimama hapa ukatazama kule. Kwa nini?"

"Nilisikia mluzi."

"Mluzi."

"Nikasema ni marmoti."

Burgl alimgeukia Ferdl. Ferdl alitazama viatu vyake. Kassian, aliyekuwa amemsikia mjomba wake barazani sawasawa na Burgl, aliinua kamba ya machela akaivaa kifuani.

"Mbele yangu," Burgl alisema. "Twende."

*

Nyayo ziliishia kwenye majani, lakini Burgl hakuzihitaji tena. Maua yale hayaoti popote tu. Hupenda ardhi kavu iliyopigwa na jua, juu ya mabanda ya zamani ya kuhifadhia nyasi kavu, ambako theluji hutoka mapema. Mteremko huu ulikuwa na sehemu moja ya namna hiyo, na chini yake banda moja lenye paa lililopinda.

Kwenye ardhi ya maua walikuta vishina vimekatwa, vibichi bado. Hatua chache chini yake, majani yalikuwa yamechanwa kwa urefu, udongo mweusi nje, kama inavyokuwa buti ngumu ikiteleza kwenye majani mabichi. Kuanzia hapo kulikuwa na mburuto. Ulikwenda chini, ukipinda huku na huku, kuelekea banda. Theluji ilikuwa imeanza kuufunika.

"Alikuwa hapa jioni," Burgl alisema. Aligeuka. Kutoka pale, kupitia pengo la miti, aliona rundo la kuni nyuma ya mkahawa, wazi kabisa. Kassian naye aligeuka, akaona. Kisha akaanza kukimbia kuteremka, machela yakimfuata kwa kelele.

Burgl alishuka kwa mwendo wa goti lake. Kabla hajafika, alisikia mlango wa mbao ukivutwa, kisha kimya. Alijikuta anasali, yeye ambaye kanisani huenda Pasaka tu, siku ya kubarikiwa mikate.

"Yu hai!" Kassian alipaza sauti. "Burgl, yu hai!"

Ndani ya banda, kwenye kona, rundo la nyasi kavu lilikuwa na kichwa. Kilikuwa cha mwanamke mwenye nywele fupi nyeupe, midomo ya samawati, majani kwenye nyusi. Alikuwa amejifukia hadi shingoni, na kando yake, umesimamishwa kwa uangalifu kati ya mawe mawili, ulikuwepo mtungi wa jemu wenye maua ya zambarau.

"Ni kifundo cha mguu," Henrike alisema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini ya mwalimu. "Kimevunjika, nadhani. Buti sikuivua, ili mguu usivimbe."

"Umefanya vizuri, mama," Burgl alisema, akimfunika na blanketi la machela. "Umeogopa sana?"

"Hapana. Jioni, nilipoanguka tu, niliogopa. Baadaye hapana." Macho yake yalihamia kwa Kassian, yakatua kwenye koti jekundu. Akatabasamu kwa midomo iliyopasuka. "Si ni wewe? Nililiona koti hilo. Ulikuwa unang'oa skii zangu. Nilikupigia mluzi kwa nguvu zangu zote, ukainua kichwa, ukatazama huku. Nikajiambia, haya Henrike, huyu kijana amekusikia, amekwenda kuwaita wenzake. Usiku ulikuwa mrefu, lakini kila nilipotaka kukata tamaa nilisema, yule kijana anajua niko hapa." Alitoa mkono kwenye nyasi, akaushika mkono wa Kassian. "Asante, mwanangu. Ulichelewa, lakini ulikuja."

Kassian hakuweza kuutoa mkono wake, wala hakuweza kumtazama. Burgl alisubiri aseme.

Burgl alichomoa redio begani mwa Kassian na kumwekea kwenye mkono wake mwingine. "Wanasubiri huko chini," alimwambia. "Wako mtoni mpaka kifuani. Waambie."

Kassian alibonyeza kitufe. Redio ya doria husikika kila kituo, kila mtambo, na jikoni kwa mjomba wake.

"Kituo, hapa Gstrein." Aliachia kitufe, akakibonyeza tena. "Nina majeruhi mmoja, banda la nyasi, mteremko wa jua. Yu hai. Tunahitaji helikopta kabla mawingu hayajafunga."

"Tumesikia, Kassian," redio ilijibu. "Ashukuriwe Mungu. Umempataje?"

Henrike alikuwa bado ameushika mkono wake.

"Jana jioni nilitangaza mlima mtupu," Kassian alisema. "Haukuwa mtupu. Alinipigia mluzi, na mimi nilimsikia."

Henrike alimtazama Kassian, akaelewa. Tabasamu likamtoka taratibu, ila mkono hakuuachia mara moja. Alikaa nao kidogo, akifikiri, kisha akaurudisha ndani ya blanketi.

"Nifungeni kwenye hayo machela," alisema. "Na mtu abebe mtungi. Rosa anasubiri."

Burgl aliuokota. Maua yale, kwa mujibu wa sheria, yalistahili kuandikiwa faini. Aliubana kifuani kwa mikono miwili na kuwafuata nje, kwenye theluji iliyokuwa inaanguka.